Maji ya Kunawa

Siku walipomzika Clemens, Josefina hakulia. Wanawake wa kijiji cha Mwazye walimsubiri. Walimzunguka pale mkekani, wakaanza wao ili kumwonyesha njia, wakapangusa pua, wakamtupia jicho; yeye akawa anamtazama kuku aliyekuwa akichakura kando ya jiko la nje, akiwaza kwamba yule kuku alipaswa kufungiwa. Jeneza likashuka, udongo ukafuata, paroko akanyunyiza maji ya baraka, na Josefina akalishika pindo la kanga yake kama mtu anayengoja zamu kwenye mashine ya kusaga. Baada ya matanga maneno yakazagaa. Wengine walisema ana moyo wa jiwe, wengine kwamba mume alishamchosha siku nyingi. Yote yalimfikia, na yote yalipita kama upepo unavyopita kwenye ukuta.

Clemens aliacha vitu viwili ambavyo mtu angeweza kuvigusa. Cha kwanza kilikuwa kisima cha bondeni, chini ya nyumba. Alikichimba akiwa kijana, posa haijajibiwa, ili wakwe wasije wakasema binti yao anapelekwa kwenye kiu. Cha pili kilikuwa ulezi kwenye kihenge nyuma ya nyumba, mavuno yake ya mwisho. Aliukata, akaupura, akaujaza, akaziba mdomo wa kihenge kwa udongo aliousawazisha kwa kiganja. Kisha akaugua, na ugonjwa haukumwachia nafasi ya kuuonja. Udongo ulikauka ukiwa na alama za vidole vyake. Ulezi si kama mahindi, hauliwi na wadudu upesi. Ukifungwa vizuri hukaa miaka. Josefina akauacha ukae. Alipotaka uji alinunua unga dukani, akapita mbele ya kihenge bila kugeuza shingo.

Mtoto aliyekuwa karibu naye ni Timoth, mwenye duka la vipuri vya pikipiki Sumbawanga mjini na nyumba yake mtaa wa Izia. Timoth alikuwa mtu wa huruma na mtu wa haraka, na tabia hizo mbili zikikaa kifua kimoja huharibu mambo.

Juu ya kisima kulikuwa na mteremko mrefu, shamba lao la siku zote. Clemens aliulima kwa ntumba kama baba yake na babu yake. Mvua zinapoelekea mwisho, nyasi zikiwa zimefika kifuani, unakwatua nyasi pamoja na udongo wake, ukavikusanya kwa duara, nyasi ukazilaza ndani na udongo ukaufunika juu, mpaka lisimame tuta la mviringo. Hiyo ndiyo ntumba. Juu yake hupandwa maharage, ndani nyasi zinaoza, na msimu unaofuata unaitawanya, ukapanda mahindi au ulezi kwenye udongo mweusi uliolainika. Ni kazi ya kuinama kutwa. Mgongo wa Josefina ulishapinda kwa kazi hiyo, na Timoth tangu utoto aliuona unavyopinda.

Kwa hiyo mvua za kwanza baada ya msiba zilipokaribia, Timoth hakuuliza. Alipanga trekta, akaja nayo mwenyewe akiwa amekaa pembeni ya dereva na miwani ya jua usoni.

"Mama," akasema, "hutainama tena."

Trekta ilianza juu ikashuka mpaka chini, ikapanda ikashuka tena, ikaacha mistari iliyonyooka kama nywele zilizochanwa kwa kitana kipya. Majirani walikuja kutazama. Ntumba za mwisho za Clemens zilisambaratishwa kabla jua halijafika utosini, isipokuwa chache za pembeni, kati ya mawe, ambako majembe ya trekta yaliogopa kukatika. Mwaka ule mahindi yalikuwa mazuri, na Timoth alipiga picha akiwa katikati yake.

Mvua ikinyesha, maji yalifuata mistari ile. Yaliteremka mekundu, mazito, yakapita mbele ya mlango, yakapita kando ya kisima, yakaenda mtoni bila kusimama. Josefina aliyatazama akiwa mlangoni. Aliwaza kwamba yana haraka kama Timoth. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Mwezi wa Rozari ulipofika, jua la Oktoba likiwa limeukausha uwanda wote mpaka ukawa rangi ya mkate, alishusha ndoo kisimani na ndoo ikagonga jiwe.

Alisimama ameshika kamba. Kisima kile kiliwahi kupungua, hata mwaka ambao mahindi ya watu yaliungua shambani kilipungua, lakini kukauka hakikuwahi. Clemens alikuwa amefunga kitambaa cha bluu kwenye kamba, mahali ambapo mkono hushika ndoo ikigusa maji, mvua zikikaribia kurudi. Siku zote kitambaa kilikuwa kikisimama mkononi mwa mchotaji. Sasa kilikuwa kimezama gizani, chini kabisa, na ndoo ilikuwa ikikwaruza. Josefina akaivuta, akaiweka kichwani ikiwa tupu, akaenda mtoni kwenye vidimbwi vya ng'ombe. Kesho yake akaenda tena. Hakumpigia mwanawe simu. Aliyepiga ni Fortunata, jirani yake, ambaye hakuumbiwa kunyamaza.

Timoth alikuja Jumamosi na watu wawili: Eustace, fundi wa kuchimba visima, na Sekela, dada wa Mbeya aliyefanya kazi ya maji serikalini na ambaye kule Izia walipakana ua. Timoth alimwomba aje kama jirani tu, atazame. Sekela akampa Josefina shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akapewa kigoda, hakukikalia. Eustace akashuka kisimani na nyundo. Waliokuwa juu wakasikia anagonga huku, anagonga kule, na kila pahali mlio ni uleule mkavu. Alipotoka alijikung'uta magoti, akamwambia Timoth kwamba pesa yake airudishe mfukoni. Kisima kilikuwa kimekalia mwamba. Chini ya hapo hapakuwa na pa kwenda.

Sekela muda wote huo alikuwa anautazama mteremko. Akauliza nani analima kule juu, na tangu lini panalimwa hivyo. Kisha akamwomba Josefina ruhusa ya kumwaga nusu ya ndoo ya maji, akaomba kwa haya, maana kwa rangi yake aliona kwamba yalitoka kwenye vidimbwi vya mtoni. Josefina akaitikia kwa kichwa. Wakapanda wote. Sekela akamimina maji kidogo kwenye shamba la trekta, juu ya udongo uliojifunga ukawa kama sakafu. Maji yakatawanyika, yakateleza, yakawafikia miguuni, yakaendelea na safari. Halafu akaenda pembeni kwenye mawe, akapata ntumba ya zamani iliyobomoka, magugu yameota juu yake, akamimina yaliyobaki. Yakazama pale pale. Ardhi ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza.

"Kisima chako ni kizima, mama," Sekela akasema. "Kilichokauka ni mlima. Maji ya kisima ni mvua iliyoingia huku juu ikateremka polepole chini ya ardhi. Siku hizi haiingii, inapita tu."

Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba hata wakirudisha ulimaji wa zamani wasitarajie miujiza. Maji ya chini hupanda kwa muda wake, na mvua nayo ina mambo yake. Hakuahidi kitu. Josefina alikuwa akiitazama ndoo tupu na kuukumbuka mlima alioipandishia.

Timoth alivua miwani yake.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekausha kisima cha baba."

Eustace akajifanya anakagua mpini wa nyundo. Sekela akatazama chini. Ilikuwa zamu ya Josefina kusema, na alijua maneno yenyewe; mama yeyote anayajua: hapana mwanangu, ulinionea huruma. Aliyatafuta, akayaona yalipo, hakuweza kuyanyanyua. Timoth akachukua hilo kuwa ndilo jibu.

Walipoteremka alikuwa amekuwa mgumu. Akasema Jenifa, mkewe, ameshaandaa chumba. Bomba liko uani, kanisa liko karibu. Mama hatakufa akibeba maji ya ng'ombe huku watu wanamtazama mtoto wake. Angemchukua siku ileile. Josefina akasema hapana, kwa sauti ndogo, ya mtu anayekataa chai. Wakavutana kidogo. Mwisho Timoth akatoa neno lake mbele ya mashahidi.

"Mwakani, Novemba, Siku ya Marehemu, nitakuja na gari. Nitashusha ndoo mwenyewe. Ikigonga jiwe, unapanda gari."

"Sawa."

"Hutaniambia subiri."

"Nimesema sawa. Trekta usilete."

"Sasa utalima na nani?"

Hilo Josefina hakulijua bado.

Mvua zilirudi na mteremko haukulimwa. Nyasi zilitoka kwenye mistari ya trekta, zikaificha, zikapanda magotini, zikafika kiunoni. Wapita njia walitikisa vichwa: mjane amelilaza shamba la marehemu. Josefina alilima kipande kidogo nyuma ya nyumba, akala alichopata. Jioni alikaa mlangoni akitazama nyasi zikiinama na kuinuka.

Kasimiri, mdogo wake Clemens, alikuwa na haki ya shemeji ya kusema lolote, na aliitumia yote.

"Shemeji, siku hizi unafuga nyasi? Zikizaa niwekee dume na jike."

Josefina akamwambia anataka zilimwe ntumba, mteremko wote, mvua zikielekea mwisho. Kasimiri aliacha kucheka. Akamweleza kwamba kazi ile kwa mtu mmoja ingemmaliza; Clemens mwenyewe alikuwa akialika watu. Na watu wa kulima ntumba huitwa kwa pombe ya ulezi, ndivyo ilivyo, hata wale waliosahau namna ya kulaza nyasi hawajasahau hilo. Kwa soda, alisema, vijana watakuja wakae kwenye kivuli wamtazame anavyolima.

Josefina alizunguka kutafuta ulezi. Ulikuwa msimu mbaya wa kuutafuta. Wa mwaka uliopita ulikuwa umeliwa na kupandwa, mpya ulikuwa bado kijani shambani. Kila nyumba alijibiwa kwa heshima na kila nyumba alitoka na kikapu kitupu. Fortunata alitembea naye mpaka nyumba ya mwisho, kisha njiani akasimama.

"Mama Timo, mimi na wewe tunazunguka tunaomba omba kama watoto wa mbuzi. Ulezi si unao?"

Josefina akaendelea kutembea.

"Lile si kaburi," Fortunata akasema nyuma yake. "Kaburi liko kanisani. Kile ni kihenge."

Asubuhi yake alikwenda nyuma ya nyumba. Udongo wa mdomo wa kihenge ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba, lakini alama za vidole zilikuwepo bado, zote, na kidole gumba pembeni ambapo Clemens alimalizia. Josefina aliweka vidole vyake ndani ya alama zile. Vilipwaya. Akangoja kimjie kilio ambacho hata yeye alishachoka kukingoja. Alidhani labda kilikuwa kimefungiwa humo. Akapiga kwa kisigino cha jembe. Udongo ukaanguka vipande vipande miguuni pake na harufu ya ulezi mkavu ikatoka, harufu ya vumbi na jua la zamani. Hakuna kilichomjia. Akachukua ungo akaanza kuchota.

Akatenga kopo moja la mbegu. Uliobaki aliuloweka, akauotesha, akauanika, akausaga, akaupika na Fortunata kwenye mapipa ya kukopa, moshi ukiwachoma macho. Fortunata machozi yalimtoka, akajipangusa, akamgeukia mwenzake, akamkuta macho makavu.

"Hata moshi umekushindwa," akasema.

Siku ya kazi walikuja wengi kuliko alivyotarajia, wengine kwa ajili ya Clemens, wengine kwa ajili ya mapipa, na Josefina hakujali nani ni nani. Wazee walikuwa mbele wakionyesha, vijana walikosea wakachekwa. Mmoja alizilaza nyasi juu na udongo chini. Kasimiri akamuuliza kama kwao suruali huvaliwa kichwani. Kisha akaanzisha wimbo alioutunga papo hapo, na majembe yakaufuata:

Mlishe mlima, mlishe mlima,
ukishiba utatema.

Josefina alilima katikati yao. Mikono ilijua kazi, akaiachia. Ntumba moja ikafuatwa na nyingine, zikapangana mteremko mzima kama migongo ya ng'ombe waliolala. Mchana mawingu yakajikusanya upande wa Kalambo, mvua ikateremka bila kubisha hodi, nzito, na watu wakakimbilia kwenye mapipa wakipiga vigelegele. Yeye alisimama mlangoni mahali pake pa siku zote, akangoja maji mekundu yapite. Yalichelewa. Ndani watu wanakunywa na kugombea kata ya kunywea, yeye anatazama. Mwishowe yakaja machache, hayana rangi kali, yakapita kama mgeni asiyealikwa. Kasimiri akamletea pombe. Akaipokea, akailamba kwa ncha ya ulimi, akairudisha. Ilikuwa pombe nzuri, watu walimwambia hivyo. Kwake ilikuwa na ladha ya kitu cha moto kilichopoa.

Maharage yakakua juu ya ntumba, yakavunwa. Kiangazi kikaingia, upepo wa Juni ukakata midomo ya watu. Kila asubuhi Josefina alishusha ndoo na kila asubuhi kamba ilienda chini kidogo zaidi. Kitambaa cha bluu kilipita ukingo wa kisima mapema, kikaanza kuteremka. Vilevile kama mwaka uliopita, alijiambia. Lakini hakuwa na hakika, kwa kuwa mwaka uliopita hakuwa akitazama.

Kisima cha Fortunata kilikauka Septemba. Alikuja na ndoo zake akasimama mbali, jambo lisilo la kawaida yake. Kijiji kizima kilijua habari ya Siku ya Marehemu. Kasimiri alikuwa ameshamshauri shemeji yake afunike kisima kwa bati na kufuli, yeye mwenyewe awe anachota mtoni mpaka siku ipite, Timoth angejuaje? Josefina alimtazama Fortunata na ndoo zake. Kumkatalia kungehitaji maneno mengi. Akasogea pembeni, akampa kamba.

Fortunata alichota siku ile, na siku zilizofuata, na hakuwa peke yake.

Siku ya Marehemu Timoth alifika asubuhi, kabla ya misa, na gari la mizigo lililokodiwa. Lilisimama chini ya mteremko na dereva wake akabaki ndani. Timoth akamsalimia mama yake shikamoo, akapokea marahaba, na kwa muda akawa anaziangalia ntumba zilivyojaa mlima mzima, zikiwa kavu, zikingoja kutawanywa. Mlangoni palikuwa na kifurushi kimoja cha nguo na sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyofungwa kwenye taulo. Josefina alivifunga jana yake. Neno lilikuwa neno.

"Mizigo ndiyo hii tu?" dereva akauliza kutoka dirishani.

Waliteremka bondeni. Fortunata alikuwa ameshafika, na Kasimiri, na wengine waliojifanya wanapita. Timoth akaishika kamba, akaiachia ndoo taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine. Kitambaa cha bluu kikapita mikononi mwake. Akasita alipokigusa, alikifahamu. Akaendelea. Kamba ikaenda, ikaenda, Fortunata akaziba mdomo kwa kanga, na Josefina akatazama mikono ya mwanawe, ambayo ilikuwa mipana kama ile ya kwenye udongo wa kihenge.

Ndoo haikugonga. Ilitua, ikanyamaza, ikainama upande, na kule chini kikasikika kitu kikibugia.

Timoth aliivuta. Ilipotokeza haikuwa imejaa. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, tope likizunguka ndani yake, na kwenye ukingo palikuwa na jani. Aliyatazama kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Haya ni maji ya kunawa tu, mama," Timoth akasema.

"Basi nawa," Josefina akasema. "Twende kwa baba yako."

Akainua kopo, akalichovya ndooni. Timoth akakinga mikono. Josefina alipoyamimina, mengine yakapitia kwenye vidole vyake mwenyewe yakateremka mpaka kwenye kiwiko, akashtuka kidogo. Yalikuwa ya baridi. Kila asubuhi aliyachota, lakini alikuwa amesahau jinsi maji ya kisima kile yalivyo ya baridi.